Tuna milioni 45 na Mbeya hela imekauka: tununue nyumba sasa au tusubiri bei zianguke?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia Mbeya mwaka jana nikitokea Morogoro. Tumepanga Uyole, nyumba ya vyumba vitatu, laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Mimi na mume wangu tumeweka akiba ya milioni 45. Dalali ametuonyesha nyumba Isyesye, wanataka milioni 70. Kuna pagale Iwambi la milioni 28, halafu ametudokeza kuhusu mnada wa benki. Kila tunayeongea naye anasema biashara zimelala, hela hakuna, tusubiri bei zitaanguka. Mume wangu amesoma kwamba Marekani mwaka 2009 watu walipata nyumba kwa nusu bei. Tusubiri? Au tukope tuongezee tununue? – Mama wa wawili, Uyole.

JIBU: Dada, salamu kwako na kwa shemeji. Nianze na hiyo habari ya Marekani, maana ndiyo inayowafanya wengi wakae wanasubiri kitu ambacho huku hakiji.

Shemeji hajakosea. Kati ya kilele cha mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2012, bei za nyumba Marekani kwa wastani zilishuka kwa zaidi ya robo, na Las Vegas zilishuka kwa zaidi ya nusu. Lakini zilishushwa na madeni. Nyumba nyingi kule zilikuwa zimenunuliwa kwa mkopo wa muda mrefu. Marejesho yalipopanda na kazi zikapotea, benki zikachukua nyumba kwa mamilioni na kuzimwaga sokoni. Benki haina mapenzi na nyumba. Inataka fedha zake zirudi, hata kwa hasara.

Sasa tembea mitaa ya Isyesye, Ilomba au Iganzo uulize nyumba ngapi zina mkopo wa nyumba. Tanzania nzima mikopo ya aina hiyo inahesabika kwa maelfu tu. Nyumba za Mbeya zimejengwa kwa mishahara, viinua mgongo, mpunga wa Usangu, viazi, parachichi za Rungwe na mzigo wa mpakani Tunduma, chumba baada ya chumba, miaka hata kumi. Mwenyewe hadaiwi na mtu. Hela ikikauka mjini, hakuna anayemsukuma kushusha bei. Anapandisha bango, anakaa. Mwaka unapita, bango linapauka, bei ni ileile.

Tuliyaona haya miaka ya "vyuma vimekaza". Fedha za taasisi za umma zilitolewa benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu, mwaka 2017 watumishi karibu elfu kumi wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, na benki zikabana mikopo. Kwa hesabu ya darasani bei zilipaswa kuporomoka. Aliyekuwa akitaja milioni 80 aliendelea kutaja milioni 80. Aliyekuwa amebanwa kweli ndiye aliyeuza, na aliuza kimyakimya, kwa bei ambayo hata jirani yake hakuambiwa.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: msisubiri bei za Mbeya zianguke, tafuteni muuzaji aliyebanwa. Hali ngumu kwetu haishushi bei ya mji. Inaongeza idadi ya watu wanaohitaji fedha kabla ya mwezi fulani, na inapunguza idadi ya wenye fedha taslimu kama ninyi. Nafuu yenu iko hapo katikati.

Sisi wathamini tunapoandika ripoti ya benki huweka namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo zaidi. Watu huidharau ile ya pili, wanaona ni mambo ya benki. Wakati kama huu pengo kati ya namba hizo mbili ndiyo sehemu yenu ya kuzungumzia. Muuzaji mwenye muda yuko juu. Mwenye ada ya chuo ya kulipa mwisho wa mwezi yuko chini, na hataki ijulikane.

Utamjuaje? Kwanza kwa majira. Hapa mji unaishi kwa mavuno hata kama wewe unaishi kwa mshahara. Baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Septemba, wanunuzi wapo na mwenye nyumba ana kiburi. Ikifika Novemba mbolea inatakiwa, Desemba sikukuu, Januari ada. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuzunguka na kuuliza. Kama bei ya mazao ilikuwa mbovu mwaka huo au mpaka wa Tunduma ulisumbua, ulizeni zaidi.

Halafu ulizeni kwa nini anauza, na muulize watu zaidi ya mmoja. Mtumishi aliyehamishwa ambaye familia imeshatangulia, huyo anauza kweli. Mstaafu anayerudi Kyela au Tukuyu na hataki tena kuja mjini kufuata kodi za wapangaji, naye pia. Mfanyabiashara ambaye benki imeshamwandikia barua anauza haraka kuliko wote, na nitamrudia. Ila anayekujibu "nikipata bei nzuri nauza, nisipopata naacha", msipoteze nauli.

Msitegemee dalali mmoja. Nyumba moja Mbeya inaweza kuwa mikononi mwa madalali wanne, kila mmoja na bei yake, kwa sababu kila mmoja ameshaweka cha juu. Milioni 70 mliyotajiwa inaweza kuwa 62 ya mwenye nyumba na nane za watu walio katikati. Ombeni kukutana na mwenyewe uso kwa uso, nyumbani kwake, kabla hamjataja namba yoyote. Dalali akikataa kata kata, mmeshapata jibu. Waulizeni pia mafundi, walinzi, watu wa kanisani au msikitini, mwenye duka wa mtaa. Nyumba zinazouzwa kwa shida mara nyingi hazina bango. Na mkikuta ukutani pameandikwa "Nyumba hii haiuzwi", msicheke mkapita: ujue kuna ndugu wanagombana humo, au tapeli ameshajaribu kuiuza. Ondokeni.

Hilo la mnada. Najua linavyovutia. Benki inayotaka kuuza nyumba ya mdaiwa inatakiwa impe notisi ya siku 60 kwanza, kisha tangazo la mnada litoke kwa siku zisizopungua 14. Siku yenyewe mnunuzi hutoa asilimia 25 papo hapo na kumalizia ndani ya siku 14. Sheria ya Ardhi inamlinda aliyenunua kwa nia njema. Lakini kulindwa na sheria ni jambo moja, kupewa funguo ni jingine. Mwenye nyumba yumo ndani na mkewe na watoto, na pengine mke anasema hakuridhia mkopo ule. Anakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba au Mahakama Kuu, anaomba zuio, na fedha zenu zimeshaingia benki huku ninyi mnaendelea kulipa kodi Uyole. Mwenye nyumba kumi anaweza kusubiri kesi. Ninyi nyumba hii ndiyo akiba yenu yote. Mimi singewapeleka mnadani.

Ila mfuateni mtu huyohuyo hatua moja kabla. Mdaiwa aliyepata notisi bado anaweza kuuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Kwake ni bora kuliko mnada, maana anapata bei nzuri kidogo na anaokoa kinachobaki. Hapo mkae watu watatu: ninyi, yeye na ofisa mikopo. Fedha ya deni iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki iandike barua ya kuachia hati, na kiasi kinachozidi ndicho apewe mwenye nyumba. Msimpe yeye fedha taslimu akalipe deni. Hata kama ni mlokole.

Pagale la Iwambi: milioni 28 inaonekana nafuu mpaka uanze kumalizia. Boma ni sehemu rahisi ya nyumba. Bati, dari, plasta, madirisha, umeme, maji, vyoo, vigae na milango hula kuliko kuta zilivyokula, na hula kwa miaka mkiendelea kupanga. Kama mnalitaka, nendeni na fundi wenu, si wa dalali. Tofali za kuchoma za huku ni nzuri, lakini wengi hujenga kwa udongo na kupitisha saruji juu juu tu kwenye viungo. Chukua msumari mrefu uchokonoe katikati ya kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali. Ukiingia kama kwenye ugali, ni udongo. Angalia kama lenta, ule mkanda wa zege, imezunguka nyumba yote au ipo juu ya milango tu, na kichwa cha ukuta kimenyeshewa masika mangapi bila bati. Muulize pia mwenyewe kwa nini aliishia hapo. Mara nyingi hela ilikwisha. Wakati mwingine alisimamishwa na mtu wa mipango miji, na hilo hatalisema mpaka aulizwe.

Ardhi ya Mbeya yenyewe inahitaji macho. Mji umekaa chini ya milima na umekatwa na vijito. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba na majengo ya shule kule Itezi, na nyumba zile zilikuwa nzuri, zenye mageti. Kwa hiyo mkionyeshwa nyumba yenye mandhari ya kupendeza, geukeni mtazame juu yake kuna nini: msitu, au mteremko uliolimwa mpaka kileleni. Kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 zisizojengwa. Wapo waliojenga ndani yake na wanauza kwa bei ya kuvutia.

Na barabara. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande, badala ya 22.5 za zamani. Barabara ya Tanzam, ile iendayo Zambia, inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, inapita katikati ya mji mzima. Iwambi iko kwenye mstari huo. Pimeni kwa futi kamba kabla ya kuangalia vyumba. Mkikuta alama ya X ukutani, au doa jipya la rangi mahali ambapo X ingekaa, jueni kwamba nyekundu maana yake hakuna fidia na kijani maana yake kuna fidia, na fidia hiyo anaifahamu muuzaji kuliko ninyi.

Nyaraka sitazirefusha, ila hazirukwi. Kama kuna hati, chukueni namba yake mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, hapahapa Mbeya. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani, na kama kuna mtu ameweka pingamizi. Picha ya hati kwenye simu ya dalali si kitu. Kama ni nyumba ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi wote watie saini. "Kaka mkubwa wa familia" hatoshi. Kama muuzaji ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza huyo, kwa hiyo mke au mume aje mwenyewe mbele ya wakili, si kwa simu. Deni la pango la ardhi ulizeni halmashauri, na la maji mamlaka ya maji, maana vyote mtavikuta mlangoni mkishahamia.

Nyumba nyingi mtakazoonyeshwa hazitakuwa na hati. Zitakuwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa, au risiti za urasimishaji uliokwama katikati. Sisemi mzikatae zote. Nasema zisiuzwe kwa bei ya nyumba yenye hati. Hapa ndipo wanunuzi wa Mbeya wanapoonewa zaidi, kuliko hata kwenye cha juu: wanalipia vyumba, vigae na geti, wanasahau kwamba karatasi ni sehemu ya thamani. Benki haitaikopesha nyumba hiyo, na siku mkitaka kuuza, mnunuzi wenu atawakata kwa sababu hiyohiyo. Wakati wa hela nyingi watu hawaulizi. Sasa hivi wanauliza, nanyi ulizeni. Na mkiombwa "asilimia kumi ya mtaa" kwa ajili ya muhuri, ombeni mwonyeshwe sheria inayosema hivyo. Hamtaonyeshwa.

Kabla ya kukubaliana bei, kubalianeni nani analipa nini kwa Mamlaka ya Mapato na kwa ofisi ya ardhi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Ushuru wa stempu ni kama asilimia moja, na kwa kawaida huangukia mnunuzi. Kuna pia uthamini wa kuhamisha umiliki unaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji atawaambia "mimi nataka milioni zangu mkononi, hayo mengine ni yenu". Wakati wa neema mnunuzi humeza. Sasa hivi hamna haja ya kumeza, na hili ni rahisi kwake kulikubali kuliko kushusha bei, kwa sababu haliaibishi. Mwingine atawashauri muandike bei ndogo kwenye mkataba. Mgogoro ukitokea mkarudishiwa fedha, mtarudishiwa iliyoandikwa.

Tukope? Nifanye hesabu mbele yenu. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue 16. Mkopo wa milioni 30 kwa miaka kumi ni marejesho ya kama laki tano kila mwezi, na mwisho mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 60. Mnalipa mara mbili ya kodi yenu ya sasa ili kuziba pengo tu la nyumba ya 70. Na wewe kama mtumishi, theluthi ya mshahara haiguswi, kwa hiyo mkopo huo unakula nafasi yote ya dharura nyingine. Mkopo wa milioni 15 kwa miaka mitano kwa riba hiyohiyo ni kama 365,000 kwa mwezi, jumla milioni 22 hivi. Huo unabebeka.

Na msiogopeshwe na wanaosema kodi ni hela ya kutupa. Mnalipa milioni tatu kwa mwaka. Gawanya 70 kwa tatu: miaka 23 ya kupanga ndiyo bei ya nyumba ile. Kupanga Uyole si hasara inayowakimbiza mnunue chochote. Tena kodi ndiyo kitu pekee kinachoshuka waziwazi hali ikiwa ngumu, kwa sababu nyumba tupu inaharibika na mwenye nyumba analiona hilo kila wiki. Mkataba ukiisha, mwambieni mtalipa miezi mitatu mitatu, na 220,000. Mwambieni mmeona nyingine Igawilo. Nendeni mkaione kweli kwanza, asije akawaita waongo.

Sasa Isyesye. Katika milioni 45, tano zisiguswe. Mna watoto wawili na mmehamia mji usio na ndugu. Inabaki 40. Ongezeni 15 za mkopo, ni 55. Toeni milioni mbili za wakili, ushuru na kuhamisha umiliki. Dari yenu ni 53, kila kitu kikiwemo. Mtu anayetaka 70 na hana haraka hatashuka mpaka hapo, na hana sababu ya kushuka. Mtu anayetaka 70, kumbe yake ni 62, na mtoto anaingia chuo mwezi ujao, huyo mnaweza kuongea naye. Anzeni na 48. Wakati wa kutaja, semeni pia kwamba fedha ipo benki na mkataba unaweza kusainiwa wiki hiyohiyo upekuzi ukitoka safi. Hiyo ndiyo silaha yenu, msiifiche. Pendekezeni asilimia 80 ilipwe siku ya saini kwa kupitia benki, na 20 ibaki mpaka uhamisho wa umiliki usajiliwe. Akikataa masharti hayo lakini akakubali bei haraka sana, rudini kwenye upekuzi mkaangalie tena.

Asiposhuka, achaneni naye kwa heshima, muachieni namba ya simu, na mpigieni tena Januari. Pagale liacheni kabisa, isipokuwa mkipata lenye bati tayari na hati, chini ya milioni 25. Na dalali, haki yake mpeni, ila siku ya kukabidhiwa funguo, kwa kiasi mlichoandikiana mwanzo. Hela ya kuzungushwa isizidi nauli ya bajaji.